Shule imemwacha, chuo hakimjui: miezi tisa isiyo na mwenyewe

Wiki iliyopita nilipanda tuktuk kutoka Kongowea kuja Buxton. Dereva alikuwa kijana mdogo, ndevu hazijamjaa. Alinitolea salamu, akanitazama kwenye kioo, akaniuliza, "Ami, si wewe unayeandika mambo ya skuli?" Nikamjibu ni mimi. Tukaingia darajani. Tulipokuwa katikati ya msongamano akasema, kama anayezungumza na usukani wake, "Mimi nilipata kozi. Sikwenda tu."

Nilimwomba aegeshe Buxton anieleze. Alifanya KCSE mwaka jana, akapata C. Si C+, ni C. Rafiki yake alimpeleka saiba akajaza maombi ya KUCCPS, akapangiwa diploma ya umeme katika chuo cha kiufundi. Nambari ya simu aliyoandika ilikuwa ya mjomba wake, kwa sababu wakati ule yeye hakuwa na kitambulisho wala laini yake mwenyewe. Mjomba alikuwa safarini, laini imezimwa. Habari ilipomfikia, wenzake walikuwa wameshasajiliwa na masomo yameanza. Juu ya hapo, mtu alimwambia anatakiwa aende na karo mkononi, na nyumbani hakukuwa na kitu. Hakuna aliyemwambia kwamba kupangiwa kozi ni jambo moja, na kuomba ufadhili ni jambo jingine lenye tovuti yake na tarehe zake. Basi akachukua tuktuk ya watu, na kila jioni anapeleka hesabu.

Nimekuwa nikilifikiria neno lake: sikwenda tu. Kijana huyu hakufeli, hakufukuzwa wala hakukataa kusoma. Alidondoka katikati ya njia, na hakuna ofisi hata moja nchini inayojua kwamba amedondoka. Skuli yake inamhesabu kama mhitimu, KUCCPS inamhesabu kama mwanafunzi aliyepangiwa nafasi, na chuo kinamhesabu kama mtu ambaye hakuripoti, labda kapata pengine pazuri zaidi. Katika vitabu vyote vitatu hesabu yake imefungwa vizuri.

Tukisema elimu ya Pwani tumezoea kulia juu ya alama, na alama ni jambo la kweli. Lakini tazama hesabu hizi. Januari 2025 Waziri Julius Ogamba alipotangaza matokeo ya KCSE ya 2024, watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, ndio wenye kiwango cha kuingia shahada, walikuwa 246,391. Ni zaidi kidogo ya robo. Waliobaki ni zaidi ya laki saba, na mitaani tunawaita waliofeli. Hilo ni kosa, tena kosa la gharama. Mwenye C- anaweza kusoma diploma. Mwenye D anaweza kusoma cheti cha ufundi. Hata mwenye E ana mlango wa kozi za ufundi stadi. Kwa karatasi, kila mtoto aliyekaa mtihani ule ana mahali pa kwenda. Tatizo ni namna ya kufika hapo.

Hebu tuitembee njia yenyewe. Mtihani unakwisha Novemba. Mtoto anarudi nyumbani na sanduku lake, na siku hiyo hiyo uhusiano wake na skuli unakatika, isipokuwa kama ana deni la karo, hapo watamkumbuka cheti kikishikiliwa. Januari matokeo yanatoka. Kisha kunakuja miezi ya kimya. KUCCPS hufungua tovuti yake, mtoto anatakiwa ajue pointi zake za kozi, achague kozi kwa mpangilio, alipe shilingi 1,500. Akikosea kuchagua, kuna dirisha la kurekebisha, ukijua kwamba lipo. Mwisho wa Juni kuingia Julai nafasi zinatangazwa. Halafu aipate barua ya chuo, ambayo haiji kwa posta bali anaitafuta mwenyewe mtandaoni. Kisha aombe ufadhili: aeleze mapato ya wazazi, idadi ya ndugu, nani amefariki, nani anaishi wapi. Kisha picha, fomu ya daktari, nauli, godoro. Agosti au Septemba aripoti.

Ni miezi tisa. Kwa mtoto ambaye baba yake amesoma, hii ni kero tu. Kwa mtoto ambaye ndiye wa kwanza katika ukoo wake kufika kidato cha nne, kila hatua ni mlango unaofungwa bila kupigiwa hodi.

Na miezi tisa ni muda mrefu katika maisha ya kijana wa miaka kumi na minane. Wavulana wanapata tuktuk, bodaboda, kazi ya utanboi, na wakishazoea kushika mia tano kila jioni, chuo kinaonekana kama deni. Wengine wanapata marafiki wa maskani, na mnajua maskani zetu zina nini. Mabinti wanapata posa. Sisemi posa ni balaa, ndoa ni sunna. Lakini tuambizane ukweli: ni mabinti wangapi wa mitaa yetu wameolewa mwezi wa sita si kwa sababu walikataa kusoma, bali kwa sababu walikuwa wamekaa tu nyumbani na hakuna aliyejua kama wataitwa chuo au hawataitwa? Mzazi anamwona binti amekaa, mchumba amekuja na heshima zake, na barua ya chuo haijulikani iko wapi. Wewe ungeamua vipi?

Sasa nikumbushe jambo moja ambalo linaniumiza kila nikilifikiria. Mwaka 2018 serikali ilianza sera ya kila mtoto anayemaliza darasa la nane aingie kidato cha kwanza, asilimia mia. Tuliiona kwa macho yetu. Machifu na wazee wa mitaa walipita nyumba kwa nyumba. Marehemu Profesa George Magoha, alipokuwa waziri, aliingia mwenyewe mitaa ya mabanda kutafuta watoto waliobaki nyumbani. Wazazi walitishiwa kushtakiwa. Unaweza kuilaumu sera ile kwa mengi, madarasa yalijaa na walimu walikuwa hawatoshi, lakini ilithibitisha kwamba serikali ikitaka kumjua mtoto mmoja mmoja, inaweza. Inajua anakolala, na chifu wake ana namba ya simu ya mama yake.

Mtoto yule yule, miaka minne baadaye, anamaliza kidato cha nne na hakuna chifu anayepiga hodi. Tumemsukuma kwa nguvu zote apande ngazi, na alipofika juu tumeondoka na kumwachia atafute mwenyewe pa kukanyaga.

Upande wetu wa Pwani una vikwazo vyake ambavyo mtu wa Nairobi havioni. Cha kwanza ni kitambulisho. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, na mambo ya mkopo yanakuwa mzunguko. Kwa miaka mingi vijana wetu, hasa wenye majina ya Kiislamu, wameitwa mbele ya kamati za kuhojiwa na kuambiwa walete karatasi za babu. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia saini tamko la kuondoa utaratibu huo kwa kaunti za mpakani. Tumshukuru kwa hilo, lakini agizo la Wajir likifika dirisha la ofisi ya msajili huku kwetu huwa limechoka njiani. Ndugu zetu Wapemba wa Kilifi na Kwale walitambuliwa kuwa raia mwaka 2023 tu. Maana yake ni kwamba kuna vijana wa Kenya waliosoma hadi mwisho wa sekondari nao katika karatasi hawakuwa watu wa nchi hii.

Cha pili ni umbali. Kaunti sita za Pwani zina vyuo vikuu vya umma vitatu vyenye makao yao huku: Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Pwani pale Kilifi, na Taita Taveta. Mtoto wa Faza au Kiunga akiambiwa "ingia tu mtandaoni" ni kama kuambiwa "ingia tu meli". Inategemea kama ipo.

Cha tatu tunakizungumza kwa kunong'ona, nami nitakisema kwa sauti. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia nne kwa mwaka. Najua nyumba ambazo mzazi alisimama akasema mwanangu hatakula riba, na mjadala ukaishia hapo. Siwezi kumcheka mzazi huyo, kwa sababu ameogopa jambo la kuogopwa. Mimi si mwanachuoni na sitatoa fatwa kwenye safu ya gazeti. Ninachosema ni kwamba tangu Mei 2023 serikali ilipotangaza mfumo mpya wa ufadhili, mkopo umekuwa kipande kikubwa cha karo. Mwanafunzi wa kundi la wahitaji zaidi anapewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na familia itoe 5. Kundi la juu ni ufadhili 30, mkopo 30, familia 40. Mfumo wenyewe umepelekwa mahakamani. Jaji Chacha Mwita aliuita kinyume cha katiba Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi ule. Mzozo wa mahakama ukiendelea, watoto wanaendelea kuripoti. Kijana wetu asiyetaka mkopo anaweza kuomba ufadhili peke yake na kutafuta kile kipande cha mkopo kwingine, kwa zaka, kwa wakfu, kwa ndugu. Lakini mpango huo hauwezi kufanyika wiki ya kuripoti. Unatakiwa uanze Februari, na uanze na watu wanaojua mtoto fulani wa msikiti huu amepungukiwa na kiasi gani.

Natoka nje ya nchi kidogo, kisha nitarudi Kisauni.

Jimbo la Tennessee kule Marekani lilikuwa na ugonjwa kama huu wetu. Mwaka 2013 gavana wake, Bill Haslam, aliweka shabaha kwamba ifikapo 2025 asilimia 55 ya watu wa jimbo lake wawe na cheti cha baada ya sekondari. Mwaka uliofuata akatia saini sheria ya kulipa karo iliyobaki katika vyuo vya miaka miwili na vya ufundi, kuanzia wahitimu wa 2015. Habari za karo ya bure ndizo zilizosikika duniani. Kilichonivutia mimi ni kipande kidogo cha ndani: kila kijana aliyejiandikisha alipewa mtu mzima wa kujitolea, mwenye jina na simu, kazi yake kumkumbusha tarehe, kumsaidia fomu, kumuuliza umefika wapi. Kijana naye anatakiwa afanye kazi ya kujitolea saa 8 kila muhula. Na mpango huo haukubuniwa na jimbo zima. Ulianza 2008 katika kaunti moja tu, Knox, ukafanya kazi, kisha jimbo likauchukua.

Watafiti wawili wa huko, Benjamin Castleman na Lindsay Page, walichapisha kitabu 2014 kuhusu vijana waliokwisha kukubaliwa vyuoni lakini wakapotea katika miezi ya likizo kabla ya kuripoti. Walikuta wanaopotea ni kati ya asilimia 10 na 40, kutegemea mahali, na wengi ni wa familia maskini. Walijaribu kuwatumia ujumbe wa simu wa kuwakumbusha hatua, na idadi ya walioripoti ikapanda. Serikali yoyote ikisikia hivyo inafurahi, kwa sababu ujumbe wa simu ni rahisi. Lakini jambo hilo lilipojaribiwa baadaye kwa nchi nzima, kwa wanafunzi zaidi ya 800,000, ujumbe ukitoka kwa taasisi kubwa za mbali, haukubadilisha kitu.

Mimi naliona jambo hilo bila utafiti. Simu yangu inapokea ujumbe wa taasisi kila siku, bima, bahati nasibu, mikopo ya haraka, na ninafuta bila kusoma. Lakini ustadhi wa msikiti wetu akiniandikia "mbona sikukuona", nitajibu.

Ndiyo sababu sitaki tuombe basari peke yake. Kila kiongozi wa Pwani anataka kupigwa picha na hundi kubwa ya basari, na sisi tunapiga makofi. Basari inamfikia mtoto aliyekwisha kufika dirishani. Yule aliyedondoka Aprili haipati, na wala hajui siku ya kuchukua fomu. Tena basari yenyewe imeyumba: mwanzoni mwa 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliwaandikia magavana kwamba kaunti zisitumie fedha kwa basari za sekondari na vyuo bila mkataba na serikali kuu, kwa kuwa kwa katiba kazi hiyo si yao. Magavana walipiga kelele. Kisheria mama yule alikuwa na hoja, kwani Jedwali la Nne linazipa kaunti shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, basi.

Orodha ya majina, hata hivyo, haihitaji hundi. Kila kaunti ina wasimamizi wa wadi, wameandikwa katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na mishahara wanapokea. Kabla ya mtihani wa Novemba, kila shule ya sekondari iandike majina ya watahiniwa wake, simu mbili za kila mzazi, na mtaa wanaotoka. Mzazi atie saini ya ridhaa, maana tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na ni vizuri kuifuata. Orodha ya kila wadi ikabidhiwe mtu. Simaanishi kamati, kamati tunazijua, zinakula chai. Namaanisha mtu mmoja kwa vijana thelathini hivi, anayejua kila mmoja wao amejaza KUCCPS au hajajaza, amepata kozi gani, ameomba ufadhili au bado, na ambaye Septemba ataulizwa: hawa thelathini wako wapi? Walimu vijana wasio na ajira wapo. Wanafunzi wetu wa vyuo vikuu wako nyumbani likizo ndefu, na wao ndio waliopita njia hiyo juzi tu. Maimamu wana watu mbele yao kila Ijumaa, na makanisa kila Jumapili. Serikali kuu itoe kitu kimoja tu: KUCCPS iipe kaunti majina ya waliopangiwa vyuo, na vyuo virudishe majina ya ambao hawakuripoti wiki ya kwanza, si mwisho wa muhula. Kifungu cha 189 cha katiba kinataka serikali hizi mbili zishirikiane. Hapa ndipo pa kukitumia.

Najua watakaosema mimi naota, kwamba kijana wa miaka kumi na minane ni mtu mzima na ajitafutie. Hao wengi wao walishikwa mkono na wamesahau. Mimi sijasahau. Nilimaliza kidato cha nne miaka ya tisini mwishoni, alama zangu hazikufika kiwango cha kuitwa chuo kikuu enzi zile za JAB, na nilikaa nyumbani karibu miaka miwili nikiuza duka la vifaa vya ujenzi la watu. Diploma niliyo nayo sikuitafuta. Ami yangu, karani bandarini, alikuja dukani asubuhi moja akaniambia nivue aproni. Alikuwa ameshachukua fomu, ameshauliza karo, ameshazungumza na msajili. Nilikuwa na hasira naye siku ile, maana mshahara wangu ulikuwa kesho yake.

Ubaya ni kwamba si kila mtoto ana ami. Na muda unatukimbia. Januari 2026 watoto wa kwanza wa CBE wanaingia gredi ya kumi, wamegawanywa katika njia tatu, sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. KCSE ya mwisho ni 2027. Hawa wapya watamaliza 2028, na mlango wa chuo watakaoukuta utakuwa na fomu tofauti, masharti tofauti, na pengine tovuti tofauti. Mzazi ambaye ameanza kuuzoea mfumo wa sasa ataanza tena alifu. Ikiwa leo, kwa mfumo tuliouzoea tangu 1989 KCSE ya kwanza ilipofanywa, bado kijana anapoteza kozi kwa sababu laini ya mjomba imezimwa, basi 2029 tutawatafuta kwa tochi. Kaunti moja ya Pwani ingeanza na wahitimu wa mwaka huu, kaunti moja tu, hata wadi tano, tungekuwa na miaka mitatu ya kujifunza makosa kabla ya hapo.

Kijana wa tuktuk nilimpa namba yangu, naye akanipa yake, mara hii ni laini yake mwenyewe. Vyuo vingi vya kiufundi hupokea wanafunzi pia Januari na Mei. Jumatatu tulienda pamoja, yeye, mamake na mimi, tukauliza. Tumeambiwa turudi na cheti cha kuzaliwa, nakala ya matokeo na kitambulisho cha mzazi. Cha kuzaliwa kina jina la babake limeandikwa tofauti na la kwenye kitambulisho, herufi moja. Tunashughulikia hiyo herufi.